Shajara ya mradi: anime ya kosplei kwa jicho la sinema

Septemba, mwishoni

Msimu wa pili wa My Dress-Up Darling umekwisha, na sisi tumekubaliana kuacha porojo tuanze kazi. Kwa ambaye hajaitazama: ni vichekesho vya mapenzi vilivyoanza kama manga ya Shinichi Fukuda kwenye jarida la Young Gangan mwaka 2018. Studio ya CloverWorks ikaitoa kama anime Januari 2022, vipindi 12, mwongozaji akiwa Keisuke Shinohara, kisha msimu wa pili ukafuata Julai 2025. Wakana Gojo ni mwanafunzi wa sekondari anayeishi na babu yake, fundi wa vichwa vya wanasesere wa hina, katika mji wa Iwatsuki, Saitama. Marin Kitagawa anasoma naye darasa moja. Mchangamfu, hana haya ya kusema anachokipenda, na anachokipenda ni kosplei, yaani kuvaa na kujipamba kama wahusika wa katuni na michezo. Shida yake ni moja tu, kushona kunamshinda. Yule mwenzake ana mikono ya sindano lakini hana mtu wa kumwambia.

Tunachotengeneza ni kipande kifupi cha 3D, dakika moja na ushei, bila maongezi, kilichopigwa kana kwamba kuna kamera ya kweli na taa za kweli ndani ya chumba. Sini mbili basi. Ya kwanza ni chumba cha ushonaji cha shule: cherehani ya nyumbani imeharibika, Wakana amebaki shuleni kutumia ya shule. Ya pili ni treni ya kurudi kutoka kwenye tamasha lao la kwanza la kosplei, pale Wakana, usingizi umeshamzidi, anapomwambia Marin kwamba alikuwa mrembo kwelikweli. Aliyefuatilia anajua uzito wa neno hilo kwa kijana yule: halitumii ovyo.

Ni kazi ya mashabiki. Hatuiuzi, hatuchukui sauti wala muziki wa anime, na sura tumezichonga wenyewe.

Oktoba, mwanzoni

Mabishano ya kwanza yalikuwa juu ya maana ya "kisinema". Mwenzangu anayeshughulika na uhuishaji alikuja na jaribio lake: mistari myeusi juu na chini, nyuma pamefifia kabisa, rangi ya chungwa usoni na buluu kwenye vivuli. Kwa mtazamo wangu hiyo ni filta. Ukiondoa mistari myeusi unabaki na anime ileile iliyovaa miwani ya jua.

Nikapendekeza kanuni moja, na tumeibandika juu ya storibodi: kamera ikae tu mahali ambapo mtu angeweza kukaa. Ndani ya treni, kamera ni abiria wa benchi la upande wa pili. Ndani ya chumba cha ushonaji, ni mtu aliyesimama mlangoni, au aliyeketi kwenye meza ya jirani. Haipiti ukutani, haipai darini. Anime yenyewe ina uhuru wa kuruka kutoka jicho hadi kwenye ukucha hadi angani ndani ya sekunde mbili, na inautumia vizuri sana; sisi tumejinyima kwa makusudi tuone kinachobaki.

Umbo la fremu nalo lilitugharimu jioni nzima. Yeye alitaka 2.39:1, yaani upana mara 2.39 ya kimo. Ni pana, linapendeza, na benchi la treni linalijaza vizuri. Lakini vichekesho vya hawa wawili viko mwili mzima. Marin anaongea kwa magoti, Wakana anakunja vidole vya miguu akiona aibu. Fremu nyembamba kiasi kile inakulazimu uchague uso au viatu. Tumekwenda na 1.85:1, ambayo inaizidi upana 16:9 ya anime kwa kidogo mno. Rafiki yangu bado ananuna.

Oktoba, wiki ya pili

Kasi ya fremu. Wengi hudhani anime ina fremu chache kuliko sinema. Zote ni fremu 24 kwa sekunde, ila kwenye anime mchoro mmoja hukaa fremu mbili au tatu, kwa hiyo unapata michoro 12 au 8 kwa sekunde. Kule kusitasita ndiko kunakoufanya uso wa Marin uchekeshe: unaganda, halafu ghafla uko kwingine, katikati hamna kitu.

Ukitaka mwonekano wa kamera unahitaji ukungu wa mwendo, yaani kitu kinachosogea kiache ufifi kwenye picha. Kamera ya filamu kwa kawaida hufungua shata kwa nusu ya muda wa fremu, yaani sehemu 1 ya 48 ya sekunde, na kwenye Blender, programu yetu ya 3D, hiyo ni kuweka shata 0.5. Ukichanganya hayo mawili bila kufikiri unapata uji. Mhusika anaruka kila baada ya fremu mbili huku kamera ikiteleza kwa kila fremu, na matokeo yake ni kwamba mtu anaonekana anatetemeka dhidi ya ukuta. Macho yanauma.

Tulivyoamua: chumba cha ushonaji, kamera haisogei hata chembe, na wahusika wanachezwa kwa mbilimbili kama kwenye anime, bila ukungu. Ndani ya treni kila kitu kinakwenda fremu kwa fremu, na ukungu juu. Kwa hiyo kipande kinaanza karibu na mchoro na kuishia karibu na kamera. Nilidhani mabadiliko hayo yataonekana kama kiraka. Hayaonekani, kwa sababu shoti ya kwanza ya treni ni dirisha linalokimbia, na dirisha linalokimbia jicho linalisamehe mengi.

Oktoba, katikati

Nimempelekea shangazi jaribio la kwanza la mikono ya Wakana. Shangazi ni fundi cherehani tangu sijazaliwa, na ana kawaida ya kutosubiri video imalizike.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu wenu anavuta kitambaa."

"Anavuta vipi?"

"Si huyo hapo! Anakivuta kwa nyuma. Akivuta hivyo sindano inapinda, ikipinda inagonga bamba, ikigonga bamba imekwisha. Kitambaa kinavutwa na meno ya chini. Mkono kazi yake kukionyesha njia tu. Na ule wa kushoto uulaze, usiusimamishe kama mtu anayeota moto."

Tukairekebisha. Kiganja cha kushoto sasa kimelala mbele ya mguu wa cherehani, vidole vimetengana kidogo, na kitambaa kinateleza chini yake bila kusukumwa. Tofauti yake ni kubwa kuliko kitu chochote nilichofanya na taa mwezi huu. Ghafla kijana anaonekana anajua kazi. Kabla ya hapo alikuwa mwigizaji aliyekalishwa mbele ya mashine.

Akaendelea: "Na hilo gauni ni jeusi? Na uzi mweusi? Na nje kunaingia giza? Mpe taa huyo mtoto, atajishona vidole."

Hapo ndipo mwanga wa sini ya kwanza ulipopatikana. Nilikuwa nimewasha chumba kizima kwa mwanga wa dari, sawasawa kila pembe, jinsi madarasa yanavyokuwa. Nimeuzima. Kilichobaki ni taa ndogo iliyoinamia sindano, rangi ya joto, na madirisha yenye buluu ya magharibi inayozimika. Nyeusi juu ya nyeusi haisomeki kwa mwanga wa mbele. Inasomeka kwa mwanga unaopita kwa ubavu, ukikwaruza juu ya kitambaa hadi nyuzi zionekane. Pindo la gauni lina satini, mwili wake pamba, na kwa mara ya kwanza unaona kuwa ni vitambaa viwili. Marin akiingia mlangoni anakuwa kivuli kirefu tu chenye ncha za nywele za waridi, hadi asogee meza ya tatu.

Na hiyo ikazaa kichekesho ambacho hatukukiandika: Wakana, aliyejikunyata ndani ya duara dogo la taa, anaona kwanza kucha ndefu zilizopakwa rangi zikiingia kwenye mwanga. Kucha, kisha mkono, kisha uso mzima umemsogelea. Hatukuhitaji macho kutoka nje wala jasho la kuchora.

Oktoba, mwishoni

Wanasesere. Sikutaka Iwatsuki iwe jina tu. Mji ule, ambao tangu 2005 ni wilaya ya jiji la Saitama, unajulikana Japani nzima kwa wanasesere wa hina wanaopangwa nyumbani kuelekea tarehe 3 Machi, sikukuu ya watoto wa kike. Mwaka 2020 walifungua hata makumbusho ya wanasesere. Kichwa cha asili hutengenezwa kwa unga wa mti wa kiri uliokandwa na gundi, kisha hupakwa gofun, yaani unga mweupe wa magamba ya chaza uliochanganywa na gundi ya wanyama. Hupakwa tabaka juu ya tabaka, kinachongwa, kinasuguliwa, kinapakwa tena. Ndipo macho na mdomo hupata makali yake.

Tumeweka kichwa kimoja kwenye mkoba wa Wakana, kinaonekana kwa muda mfupi tu pembeni ya cherehani. Ila kukitengeneza ndiko kulikonifundisha jinsi ya kuwasha uso wa Marin, na naomba niliseme hili kwa kirefu.

Gofun huurudisha mwanga juujuu. Ni laini, haina mng'ao wa plastiki, lakini nuru haizami. Ngozi ya binadamu ni kinyume: nuru inaingia, inatangatanga ndani, na inapotoka imebeba wekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu husafiri mbali zaidi ndani ya ngozi kuliko wa kijani na wa buluu. Blender inalijua hilo. Umbali wa kuzama inaokupa tangu mwanzo ni 1.0 kwa nyekundu, 0.2 kwa kijani, 0.1 kwa buluu. Nikaweka kichwa cha mwanasesere na kichwa cha Marin bega kwa bega, taa moja, na nikazima uzamaji kwa mwanasesere peke yake. Nilichokiona kwenye skrini ni hadithi nzima ya Wakana. Amekua akitazama nyuso nzuri ambazo haziwezi kuiva kwa aibu. Sasa kaletewa moja inayoweza.

Kwa hiyo wekundu wa mashavu, ambao kwenye anime ni mistari miwili mitatu ya mlalo chini ya macho, sisi hatuuchori. Tunaupaka kama ramani ya damu chini ya ngozi, na tunaupandisha polepole. Mwenzangu akauliza swali la haki: ikiwa wekundu ni wa kiasi, kichekesho kitaonekana? Mtazamaji wa vichekesho hana subira ya kutafuta damu kwa hadubini.

Novemba, wiki ya kwanza

Jibu limetoka kwenye reli.

Mpangilio wa treni za mijini za Japani unatusaidia: mabenchi marefu yamepangwa kufuata kuta, watu wanatazamana, dirisha liko nyuma ya mgongo. Wakana na Marin wako upande mmoja, kamera ni abiria wa mbele yao. Nilitaka jua la jioni liwatokee kwa nyuma, maana mwanga wa nyuma unapenya masikio na kuyafanya yawake. Nilitaka pia treni nyingine ipishane nao wakati neno linasemwa, ili kelele ilimeze na sisi tubaki na midomo tu.

Rafiki yangu, ambaye hajawahi kufika Japani lakini anajua ramani kuliko dereva wa daladala, akanisimamisha. Treni yetu inatoka Tokyo kuelekea kaskazini, Saitama. Jua la jioni liko magharibi, kwa hiyo dirisha lililo nyuma yao lazima liwe la kushoto. Na Japani treni hushika kushoto, kwa hiyo inayopishana hupita kulia. Yaani haiwezi kupita kwenye dirisha letu. Inapita nyuma ya kamera.

Nilikasirika kidogo. Baadaye nikaona kwamba ni bora mara kumi. Fikiria: jua liko nyuma yao, nyuso zao zinaonekana kwa sababu ya anga ya mashariki inayoingia kwa dirisha la upande wa kamera. Treni ya pili inapopita nyuma ya kamera, inaiziba anga ile. Nyuso zinaingia gizani, zikipigwa na vipande vya nuru kati ya behewa na behewa, na kinachobaki ni ukingo wa dhahabu wa nywele na masikio mekundu. Midomo ya Wakana inasogea. Kelele. Treni inaisha, anga inarudi, na mashavu ya Marin yameiva hadi shingoni.

Masikio unaweza kuyasingizia jua. Mashavu jua haliyafikii, liko nyuma yake. Mtazamaji hana haja ya kuambiwa sheria hiyo; ameyaona masikio yakiwaka tangu mwanzo wa sini na mashavu yakiwa ya kawaida, hivyo badiliko moja linatosha. Na tunaruhusiwa kupandisha damu haraka, kwa kasi ya anime kabisa, kwa kuwa kupanda kwenyewe kumefichwa ndani ya giza. Unapata mruko wa kichekesho bila kuvunja kamera.

Baada ya hapo hatukati. Shoti inabaki palepale, Wakana ameshalala na kichwa kinaning'inia, Marin ametumbua macho, mkanda wa kushikilia juu yake unabembea kushoto, kulia, kushoto. Tumeirefusha hadi inaanza kuudhi, tukaongeza kidogo. Binamu yangu, ambaye anime haimhusu ndewe wala sikio, alicheka pale mkanda ulipobembea mara ya pili.

Novemba, katikati

Kurenda, yaani kompyuta kuzikokotoa picha za mwisho. Hapa maneno ni machache, kazi ni kusubiri.

Blender ina injini mbili za kurenda: Eevee, ya haraka, na Cycles, ya polepole inayofuata njia za nuru. Chumba cha ushonaji kinarendwa kwa Eevee, treni kwa Cycles, kwa sababu ya masikio. Nilijaribu masikio kwa Eevee na nikapata vipande viwili vya nyanya. Watakaosema Eevee si ya kazi kubwa wakumbuke kuwa Flow, filamu ya Latvia iliyochukua Oscar ya uhuishaji mwaka 2025, ilirendwa nayo yote. Tatizo langu ni la masikio tu.

Kila fremu inahifadhiwa peke yake kama faili la picha la EXR, kamwe si video. Anayeishi kwetu haelezwi sababu: umeme ukikatika unapoteza fremu moja, unawasha na kuendelea ulipoishia. Ukirenda video moja kwa moja, umeme ukikatika unapoteza usiku mzima na heshima yako.

Kusafisha chembechembe kumetusumbua kwenye gauni jeusi lililokunjwa ndani ya mfuko miguuni pa Marin. Programu ya kusafisha inadhani nyuzi za lesi ni uchafu na inazipaka, kila fremu kwa namna yake, kwa hiyo lesi inachemka. Tumeongeza sampuli, yaani idadi ya miale inayokokotolewa kwa kila nukta ya picha, kwenye fremu za treni inayopishana, na lesi yenyewe tumeifunika nusu kwa mkono wa Marin aliyeukumbatia mfuko. Umebadilika kuwa mkao mzuri kuliko wa mwanzo, kwa hiyo silalamiki.

Rangi: tunatumia AgX, namna ya kugeuza mwanga uliokokotolewa kuwa rangi za skrini, ambayo ndiyo Blender huanza nayo tangu toleo la 4.0. Inayashusha mapaa ya mwanga taratibu, dirisha haligeuki karatasi nyeupe. Hasara yake ni kwamba inapooza rangi kali, na Marin bila rangi kali si Marin. Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kurekebisha rangi, nimerudisha ujazo wa rangi kwenye nywele na kucha tu, kwa barakoa. Chungwa na buluu ya jaribio la kwanza haipo popote, ingawa rafiki yangu amejipenyezea buluu kidogo kwenye kivuli cha sakafu na anadhani sijaona.

Novemba, mwishoni

Sauti. Tumerekodi cherehani ya shangazi, ya kukanyaga kwa miguu, dukani kwake, mchana, na bodaboda zinapita nje. Haifai moja kwa moja: cherehani ya shule ya Wakana ni ya umeme, mlio wake ni mvumo, wakati ya shangazi ina mdundo wa kanyagio. Tumebakiza mlio wa sindano ikiingia kitambaani na ule wa mkasi ukikata uzi, basi. Mvumo tumeupata kwa jirani mwenye mashine ya umeme, ambaye alitaka kujua filamu itaonyeshwa kituo gani.

Kelele ya treni inapopishana tumeitengeneza kwa tabaka: upepo, chuma, na mgandamizo wa ghafla wa hewa mwanzoni kabisa, ule unaokuziba masikio. Inamfanya mtazamaji ashtuke nusu sekunde kabla ya neno. Mwenzangu anataka neno lisikike kwa chini, kwa Kijapani, kwa ajili ya wasioijua hadithi. Mimi nasema midomo na mashavu vinatosha. Tumekata matoleo mawili, na binamu amepelekewa lile lisilo na neno, kwani ndiye pekee tuliyebaki naye ambaye hajui kinachosemwa pale.

Yaliyobaki: fremu za mwisho za mkanda unaobembea, vidole vya miguu vya Wakana ambavyo bado vinapenya soksi, na shangazi hajaiona shoti ya kukata uzi.